Kikaragosi cha jukwaani si cha kupandisha kwenye Kenta

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa kikundi cha vijana alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Alianza kwa upole, shikamoo fundi, habari za baridi huko, mpaka akafika penyewe: "Nimeagiza kikaragosi kimoja na kupambiwa gari, wewe umeniandikia elfu themanini ya kutembea njia. Njia ni ya serikali, fundi. Unaniuzia?"

Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo, kwa sababu huyo ni wa tatu mwaka huu. Nimjibu hapa hapa, na wengine wasome.

Kabla sijakata hata mwanzi mmoja, mimi na kijana wangu tunaipita kwa miguu njia yote ya gwaride, kuanzia gari litakapopangwa hadi litakapoegeshwa. Kijana anabeba mwanzi mrefu wenye alama kila nusu mita. Anausimamisha chini ya kila tawi na kila bango, mimi naandika. Waya wa umeme hatuusogelei, tunasimama mbali na kulinganisha kwa macho. Tunahesabu matuta, tunaangalia kona ambayo gari haliwezi kuikata bila kurudi nyuma. Kisha tunarudi tena saa ile ile ya gwaride, maana Mwanjelwa, huku kwetu Mbeya, ya saa mbili asubuhi na Mwanjelwa ya saa kumi jioni, guta na bajaji zikishajipanga, ni barabara mbili tofauti. Hiyo ni siku nzima ya watu wawili, na chakula tunajilipia.

Vijana wa mwalimu wametunga tamthilia ya nyimbo, yao wenyewe mwanzo mwisho, kuhusu bibi aliyeuza ndizi stesheni ya TAZARA toka treni zilipoanza kupita hapa Mbeya. Nyimbo nimezisikia, nzuri sana. Wanataka Bibi apite mjini siku moja kabla ya onyesho, kutoka Kabwe hadi karibu na Uwanja wa Sokoine, akipunga mkono juu ya gari huku vijana wakiimba. Mwalimu alinionyesha kwenye simu Little Amal, yule msichana kikaragosi wa mita 3.5 aliyetembezwa mwaka 2021 kutoka Uturuki hadi Uingereza. "Kimo hiki hiki, fundi."

Sawa, lakini Amal alitembea chini. Ndani yake kuna mtu juu ya mironjo, na wengine wanaongoza mikono kutoka nje. Bibi wetu anapanda Kenta, lori dogo, na sakafu yake ya mizigo iko kama mita moja kutoka ardhini. Jumla mita nne na nusu. Kwenye njia aliyonitajia kuna waya wa simu uliolegea, nimeupima mita 4.2. Ungempiga Bibi usoni mbele ya watoto wote wa Mwanjelwa. Ile elfu themanini ndiyo iliyouona waya huo.

Halafu akaja na lile ambalo wote huja nalo: "Basi kikaragosi cha jukwaani tunacho, wewe nipambie gari tu." Ndugu zangu, hapa ndipo pesa zenu zinapopotelea. Kikaragosi cha jukwaani kinatazamwa kutoka upande mmoja, ndani, hakuna upepo. Mgongo wake ni mbao tupu na misumari. Barabarani watoto wanakimbia nyuma ya gari, kwa hiyo mgongo ndio watakaoutazama muda mrefu kuliko uso. Na macho! Ya jukwaani yanatazama mbele. Kiweke juu ya gari, watu wote wako chini yake, kinaonekana kinawadharau. Cha barabarani namshusha kidevu na kumchora mboni chini kidogo, mpaka ukisimama pembeni ya barabara uone kama anakutafuta wewe.

Uzito nao. Kuna kikundi kilikuwa na mchezo kuhusu Kimondo cha Mbozi. Walimpa seremala akawatengenezea kimondo cha mbao za inchi mbili, wakakipigilia turubai, wakakipandisha kwenye Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Springi zililala kabla hawajatoka getini. Wakaniita usiku ule. Nikawaambia kimondo chenyewe kinakadiriwa tani 12, wengine husema 16, lakini chenu hakitakiwi kuzidi kilo arobaini. Tukakibomoa tukaanza upya kwa mianzi mikavu na waya wa kufungia. Walilipa mara mbili, seremala na mimi, na bei ya usiku si ya mchana. Wamakonde jambo hili wanalijua zamani: vinyago vya kuuza wanachonga kwa mpingo, lakini lipiko la kuvaa kichwani na kucheza nalo wanachonga kwa mti mwepesi.

Mianzi nasisitiza mikavu. Mibichi ikikauka inasinyaa, vifungo vyote vinalegea. Na ukienda kuitafuta Iringa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mwenye shamba anakutazama kama mwizi, kwa hiyo naweka akiba mapema.

Iringa pia ndiko nilikojifunza mlima, na kosa lilikuwa langu. Tulisimika kikaragosi cha mtu mkubwa juu ya Fuso, uani kwetu kumenyooka, amesimama kama mlingoti. Gwaride lilianzia Ipogolo kupanda mjini. Gari lilipoanza kuinua pua, jamaa akalala nyuma taratibu, vijana wanne wakamshika kiuno mpaka juu huku wakiimba. Tangu siku hiyo kila kirefu nakifunga kamba nne za pembeni, na vazi nalitoboa matundu yaliyofichwa kwenye mikunjo. Kitambaa kisichotobolewa ni tanga, na upepo wa Mbeya hauombi ruhusa.

Mnaniuliza kwa nini kikaragosi kimoja kinanichukua wiki tatu. Kichwa ni magazeti na gundi, tabaka kwa tabaka, na kwa baridi ya mwezi wa saba tabaka moja halikauki kwa siku moja. Ukilazimisha linaota ukungu ndani. Uji wa unga wa ngano ni rahisi, nao niliutumia, mpaka panya wakamla mfalme pua usiku wa kuamkia onyesho. Sasa ni gundi ya mbao tu, na vanishi juu, maana mvua ya huku haifuati kalenda. Vifaa vyote havifiki nusu ya bei yangu. Iliyobaki ni siku zetu.

Mengine nayasema haraka. Taarifa ya polisi iende si chini ya saa 48 kabla, hiyo ni kazi yako mteja. Jenereta halikai chini ya pazia walipojificha wanaoongoza kikaragosi, moshi wake unaua; linawekwa nyuma kabisa, wazi. Dereva aachiwe kioo chote, na mtu mwenye filimbi atembee mbele.

Mwalimu nilimpigia jana. Hatukupunguza kimo cha Bibi, tumemwekea bawaba kiunoni na kamba nyuma. Wakifika kwenye ule waya kijana anavuta, Bibi anainama, anapita, anainuka. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema atatunga ubeti wa hapo: ndizi imeanguka, Bibi anaiokota. Nimempimia kwa mwendo wa mguu, ubeti uwe wa sekunde kumi na tano. Advansi imeingia leo asubuhi, pamoja na ile elfu themanini.