Mama Asha, notisi kwanza

Rafiki yangu Mama Asha,

Pole sana. Mwanao kufungwa miaka 15 baada ya kukiri kuua bila kukusudia, tena yeye kijana mdogo vile, najua nyumbani hakulaliki. Ila msingoje nakala ya hukumu. Amehukumiwa na Mahakama Kuu, kwa hiyo rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani, na notisi, yaani taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa, iingie ndani ya siku 30 tangu hukumu. Aombe fomu hapo gerezani, aijaze, amkabidhi Mkuu wa Gereza, na ahakikishe tarehe ya kupokelewa imeandikwa. Fomu itaje wazi anachopinga: kutiwa hatiani, adhabu, au vyote viwili. Siku zikipita, muda huombwa Mahakama Kuu, na hapo mtatakiwa kueleza kila siku mliyochelewa.

Sababu za rufaa huja baadaye, ndani ya siku 21 tangu akabidhiwe kumbukumbu za rufaa, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa kortini. Humo tafuteni maneno aliyoyajibu baada ya kusomewa maelezo ya tukio. Kama ni "Ni kweli" tu, kupinga hatia ni kazi ngumu. Kama aliongeza "nilimsukuma kwa sababu alinikaba", huo ni utetezi, na kukiri huko kuna utata. Lakini ongeeni na wakili kwanza: hatia ikifutwa kwa njia hiyo, kesi inaweza kuanza upya, na lile shitaka la awali la mauaji likarudi. Mimi naona tupiganie adhabu.

Huko juu hawapunguzi adhabu kwa kuonea huruma. Wanaangalia kama jaji alikosea kanuni, au aliacha jambo la msingi: muda aliokaa mahabusu, kukiri kwake, kosa la kwanza, umri. Umri ndio unaoninyima usingizi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfunga gerezani aliye chini ya miaka 18. Kuna shule ya maadilisho, ya kuwarekebisha watoto waliotiwa hatiani, kama Irambo kule Mbeya. Hati ya mashtaka inasema 19, wewe unasema 17. Ile kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo itoe kabatini leo. Cheti cha kuzaliwa kilichochukuliwa baada ya hukumu kitatiliwa shaka; kadi iliyochakaa, yenye mihuri ya miaka ile, ina uzito wake. Na kwa kuwa ni ushahidi mpya, lazima uombewe ruhusa, kwa hiyo wakili aione mapema.

Nijibu leo: hukumu ilisomwa tarehe ngapi?

Wako,
Mama Juma