Barua kwa mwanangu: nani azime redio?

Mwanangu Hadija,

Assalaam alaykum. Huku Ujiji hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, ila anakula na anagombana na watu, kwa hiyo ni mzima. Barua hii nampa mjomba wako anayepanda treni Jumanne. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na mimi nikikatizwa nasahau nilichotaka kusema.

Kile kipande cha video cha mjadala wenu kuhusu redio na vijana, mtaa mzima umekiona. Mwalimu jirani yetu alikuja nacho baada ya magharibi, akanishikisha simu: "Mzee, si binti yako huyu?" Nikakutazama. Umekaa vizuri, kitambaa umekifunga kama mama yako, Kiswahili kimenyooka. Nilijisikia, sikufichi. Halafu ukasema maadili ya vijana ni kazi ya mzazi, redio kazi yake ni kuburudisha, na mzazi asiyetaka mwanawe asikie, azime.

Azime nani, mama?

Kipindi cha redio unachokabidhiwa mwezi ujao ni cha saa tatu usiku. Unasema hizo ni saa za watu wazima. Labda huko Dar. Huku, giza la mwezi likiingia, saa tatu wanaume wa Kibirizi na Katonga wako ziwani wamewasha taa wanavizia dagaa, na hawarudi mpaka alfajiri. Wake zao wameshinda juani wakianika, jioni wamelala kama magogo. Redio yenyewe iko ndani ya simu ya mtoto, na sauti inaishia masikioni mwake. Ikija mbalamwezi baba yuko nyumbani siku chache, anatengeneza nyavu na kulipa usingizi. Wewe uliyezaliwa hapa unajua haya kuliko wale mliokaa nao mezani, ndiyo maana neno lako liliniuma kuliko lingetoka kwa mwingine.

Ulinitajia Mkataba wa Haki za Mtoto, ibara ya 18, kwamba wazazi ndio wenye jukumu la kwanza la malezi. Sawa. Tanzania iliuridhia mwaka 1991, haukuletwa jana. Nikamwomba mwalimu anisomee. Kumbe ibara ya 17, inayotangulia hiyo yako, inahusu vyombo vya habari: vimpe mtoto habari zenye manufaa kwake, na uwekwe utaratibu wa kumkinga na zenye madhara. Zinafuatana, mwanangu. Umeiruka moja ukatua kwenye inayokufaa, na ni wewe niliyekuwa nawaringishia watu kwamba huachi ukurasa.

Halafu unasema eti redio haimbadilishi mtu, inaonyesha tu jinsi alivyo. Muulize bibi yako choo cha uani kilichimbwa lini. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilitangaza, na watu karibu milioni mbili nchi nzima walijiunga kwenye vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Wanasikiliza, wanajadiliana, wanashika majembe. Redio iliyowachimbisha watu vyoo, leo ndiyo isiwe na nguvu? Na kama haina, wenye sabuni, bia na kubeti wanawalipa ninyi kwa lipi? Hilo kwenye video hukuulizwa, nami nakuuliza.

Sisemi kila jipya ni uharibifu. Babu yako aliapa kwamba magitaa ya Zaire yatatumaliza. Tulicheza, na msikitini tulikwenda. Mwaka 1994 televisheni ilipoanza Bara, wazee wakasema sasa basi tena. Haikuwa basi.

Bibi yako ana lake. Anasema redio ya siku zile ilifanya kazi kwa sababu ikishanyamaza watu walibaki pale pale kuzungumza, kuna aliyebisha na kuna aliyeeleza. Sasa mtu anasikiliza peke yake, na analala na alichosikia. Hapo nakupa haki yako kidogo, maana wa kukaa naye ni sisi. Habari za kibanda umiza changu, kile cha kuonyesha video, unazijua, na ada yako ya kidato cha tano unajua ilitoka wapi, sina haja ya kurudia. Wazazi walikuwa wanakuja juu, watoto wao wamekwepa madrasa wamo ndani wanatazama ngumi na mabusu. Nami niliwajibu hayo hayo uliyoyasema wewe: mshike mwanao, mimi natafuta riziki. Kwa hiyo usidhani hoja hiyo ni ngeni kwangu.

Kazi sikukatazi. Nani mwingine mtaa huu ana mtoto anayesikika mpaka Kasulu? Ila nimeusikiliza mtindo wa vipindi hivyo, wasikilizaji wanapiga simu kueleza mambo yao ya mapenzi. Atapiga mtoto wa kidato cha pili akijifanya ana miaka ishirini na tano. Utamtambua, umelea wadogo zako. Usiendelee naye kwa kuwa anachekesha na wakubwa zako wanafurahia simu zikiwa nyingi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata awe na sauti nzito namna gani. Hapo usiniambie mzazi wake azime. Mzazi wake hajui kama amepiga. Anayejua ni wewe.

Mdogo wako Rama nimemnyang'anya simu, mama yako akamrudishia kwa mlango wa nyuma, eti ana masomo humo. Muulize mama yako ni masomo gani hayo ya saa sita usiku, mimi nikiuliza inakuwa ugomvi.

Mjomba anakuletea dumu la mawese na mfuko wa dagaa. Nusu ya dagaa mpelekee shangazi yako Temeke, usimalize na wenzako kama mara ile. Bati la jikoni limetoboka tena, mvua hazijaanza, kwa hiyo usitume hela sasa, lipa kodi yako ya chumba kwanza. Luku ya umeme tunajikokota nayo.

Bibi anataka kujua kipindi kinaanza saa tatu kamili au baada ya taarifa ya habari, maana anataka anunue betri mpya na hataki ziishe kwa habari za mpira. Mpigie yeye mwenyewe, usimtumie ujumbe, macho hayaoni.

Baba yako.