Viwanja na ufuo vihesabiwe katika mipango ya majanga

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu siku za korona, ambalo naona tumeanza kulisahau kwa kuwa barakoa zimevuliwa.

Mimi ni mkufunzi wa kujitolea wa kandanda ya vijana hapa Lamu. Kisa cha kwanza cha ugonjwa huo kilipotangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, haikupita wiki shule zikafungwa, na tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ndege za abiria kutoka ng'ambo nazo zilisitishwa hadi Agosti, na kwa mji ambao manahodha, wapagazi na wapishi wengi hula kwa wageni, hilo lilikuwa pigo juu ya pigo. Sina ugomvi na hatua hizo, kwani zilikusudiwa kulinda maisha. Ninachosikitikia ni kwamba viwanja vilifungwa bila mtu kuuliza vijana watayapeleka wapi mawazo yao.

Mlinda lango wangu mmoja, kijana wa miaka 16, aliacha kula na wenziwe nyumbani, akawa analala mchana na kukesha usiku. Mashua ya babake ilikuwa imetia nanga miezi mitatu bila kazi. Mamake alidhani ni jicho la watu, akanieleza kwa sauti ya chini kana kwamba anatoa siri ya aibu. Dawa sikuwa nayo. Nilimwomba tu aniruhusu nimchukue baada ya sala ya alfajiri, saa za kafyu zikishapita, twende kwa miguu hadi ufuo wa kijiji cha Shela maji yakiwa yamepwa, mmoja mbele na mwingine nyuma, barakoa usoni. Siku za mwanzo hakutamka neno. Wiki ya pili alianza kukimbia mchangani mwenyewe, na siku moja akaniambia kwamba usiku uliopita alilala hadi adhana. Baadaye alikubali kuonana na muuguzi, na hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu mazoezi hayashiki nafasi ya tiba, ila humpa mtu nguvu ya kuinuka na kuifuata.

Hakuwa peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na huzuni ya kupindukia viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Shirika hilohilo hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa kama dakika 40, kwa hiyo anayekwenda na kurudi mara mbili kwa wiki ameshafikia kiwango cha chini bila kutoa hata shilingi.

Kwa wanawake wetu, hata hivyo, hesabu hiyo si nyepesi. Wapo walioshinda miezi ndani ya nyumba wakiuguza, wakipika na kufundisha watoto, na hata kabla ya janga hawakuwa na mahali pa kufanya mazoezi kwa stara. Nikiri kwamba hata sisi wakufunzi tuliwafikiria wao mwisho, na tulikosea.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za afya na pia vifaa vya michezo. Kazi zote mbili zimo mikononi mwa serikali moja, hivyo sioni sababu ya maafisa wake kukaa vyumba tofauti wanapoandaa mipango ya kukabili majanga. Naomba mpango ujao utaje waziwazi kwamba ufuo na viwanja vitabaki wazi kwa zamu, watu wachache wachache wakiachiana nafasi. Kwamba kutakuwa na saa za wanawake peke yao, chini ya wakufunzi wanawake. Na kwamba wakufunzi wa mitaani watafundishwa kuzitambua dalili za msongo wa mawazo na kujua ni kwa nani wampeleke anayezionyesha. Mafunzo hayo yakiitishwa, mimi na wenzangu tutahudhuria bila kudai marupurupu.

Mkufunzi wa vijana,
Langoni, Lamu