Mwanangu, usijidunge kabla hujapimwa

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu mpenzi, sisi huku Lamu hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu sana, na anauliza kama mkeo amepata ule mzigo wa achari na papa mkavu aliompa dereva wa basi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na usiku nyumba ilipotulia nikausikiliza tena. Nimeona nikuandikie, kwa sababu mambo haya kwenye simu watu huoneana haya, wakazungumza juu juu, na la muhimu likabaki moyoni.

Umesema akili haitulii. Ukurasa mmoja unausoma mara tatu na hujui umesoma nini, kazi uliyokuwa ukiipenda sasa waiona mzigo, na asubuhi huna hamu ya kuinuka. Mwenzako wa jimu akakwambia hiyo ni testosteroni, homoni ya kiume, imeshuka, akakupa kichupa cha dawa ya kudunga. Babangu, nakuomba usijidunge. Umri wangu wa kazi niliumaliza maabara, nikipima damu za watu, na hili ni jambo ninaloweza kukueleza.

Mwenzako hakukosea yote. Testosteroni hutengenezwa na korodani ikaingia kwenye damu, na ubongo nao una vipokezi vyake. Huko hugusa njia za dopamini, ile kemikali inayomsukuma mtu akitaka kitu akiendee. Mwanamume ambaye homoni hii imeanguka kweli, kwa maradhi ya korodani au ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, hamu ya tendo la ndoa humtoka, ule msimamo wa alfajiri hupotea, ndevu na nywele za mwili hupungua, mifupa hudhoofika. Moyo nao huwa mzito na akili ikashindwa kushika jambo. Mtu huyo anaumwa, na akitibiwa na daktari hupata nafuu.

Lakini katika yote uliyonieleza, sikusikia zile dalili za mwili nilizozitaja kwanza. Nimesikia uchovu, kukosa umakini na kukosa ari, na hayo yana sababu nyingi: upungufu wa damu, tezi ya thairoidi, kisukari, kukoroma kwa namna ya pumzi kukatika usingizini, sonona. Mtu akikimbilia sindano, ugonjwa wenyewe unabaki ulipo, tena unapata muda wa kukua.

Marekani walifanya utafiti mkubwa kwa wanaume 790 wenye miaka 65 na zaidi, wote homoni yao ikiwa chini. Wengine wakapewa jeli ya testosteroni ya kujipaka kila siku, wengine jeli isiyo na dawa, mwaka mzima, bila kujua nani kapewa ipi. Hamu ya tendo la ndoa iliongezeka kwa waliopata dawa, na moyo ukachangamka kidogo. Wakatazama pia wale waliokuwa wakilalamikia kusahau, wapatao 493, na majibu yao yakachapishwa 2017: kumbukumbu na uwezo wa kufikiri havikuwa bora kuliko vya waliopaka jeli tupu. Na hao ni wazee ambao homoni yao ilipimwa ikaonekana imepungua. Wewe una miaka 29 na hujapimwa hata mara moja.

Utaniambia, mbona mwenzangu amedunga na anajisikia simba? Nakusadiki kwamba anajisikia hivyo. Mwaka 1889, daktari mmoja mkubwa, Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis huko Morisi, katika bahari yetu hii hii, alisimama mbele ya wenzake mjini Paris akiwa na miaka 72. Akawaambia amejidunga maji yaliyotolewa kwenye korodani za mbwa na za simbilisi, na nguvu za mwili na akili zimemrudia. Watu wakaifuata dawa ile kwa wingi. Testosteroni yenyewe ilikuja kujulikana 1935, na ilipojulikana ikaonekana kwamba haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo katika sindano zile haikuwemo ya kumsaidia mtu. Kilichomwinua yule mzee ni imani yake. Na kama daktari wa elimu ile alidanganywa na mwili wake mwenyewe, kijana wa jimu naye yaweza kumpata.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa dawa hizi hawalisemi, nami huona wanawadhulumu vijana kwa kulinyamazia, ni kwamba maisha nayo huipandisha homoni na kuishusha. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1994, Brazil na Italia, watafiti walipima mate ya mashabiki kabla na baada ya mchezo. Wa Brazil ilipanda, wa Italia ikashuka, na wote hao walikuwa wametazama televisheni tu. Huko Cebu, Ufilipino, waliwafuata vijana kwa miaka kadhaa, na 2011 wakaeleza kwamba mtu akipata mtoto testosteroni yake hushuka, na hushuka zaidi kwa baba anayeshinda na mtoto wake. Hakuna atakayesema baba huyo amekosa uanaume. Na vijana wetu walioingia kwenye unga, wale uliocheza nao mpira, watu huwaita wavivu. Heroini huzima amri inayotoka kwenye ubongo kwenda korodani, testosteroni ikaanguka. Nawaombea, na jina la uvivu siwapi.

Sasa tuje kwako. Mchana uko ofisini, usiku uko kwenye kompyuta ukifanya kazi ya watu wa ng'ambo, na mkeo amemwambia mamako kwamba miraa ndiyo inayokukesheza. Walala saa ngapi, mwanangu? Mwaka huo huo wa 2011, Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua vijana kumi wenye afya, wakawalaza kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ikapungua kwa asilimia 10 hadi 15. Vijana wazima, wiki moja tu! Wewe una miezi mingapi hivyo? Na umakini hauingojei homoni ishuke ndipo upotee, kukosa usingizi peke yake kunatosha kuuondoa.

Nina neno jingine, nalo nimelishika muda mrefu. Tangu mimba ile ilipotoka mwaka jana, wewe ulimshughulikia mkeo, ukapokea watu, ukarudi kazini. Hatukukuona ukilia, wala hukulizungumza na mtu. Mamako amelitaja mara nyingi. Huzuni ikikaa hivyo huchukua hamu ya kula, ya kazi, na ya mke pia, na haina haya wala si upungufu wa imani. Daktari ukimfikia, mwambie na hilo.

Ni kwa ajili ya mimba hiyo pia ninaiogopa hii sindano. Mwili unaipima testosteroni kama boya la tangi letu la juu linavyopima maji: yakijaa, bomba linafungwa. Ukijidunga kutoka nje, ubongo unaona imejaa, unaacha kutuma amri, na korodani zinalala. Zinaacha kutengeneza homoni yake, zinasinyaa, na mbegu za uzazi zinapungua hata kwisha. Shirika la Afya Duniani liliijaribu sindano ya testosteroni ya kila wiki kama njia ya wanaume kupanga uzazi, na matokeo ya 1990 yalionyesha zaidi ya nusu yao hawakubakiwa na mbegu hata moja katika manii. Ukiacha, aghalabu hurudi, lakini huchukua miezi, na kwa wengine hupita mwaka. Wewe na mkeo mnaomba mtoto. Je, yeye umemwambia habari ya hicho kichupa?

Na damu yenyewe. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukija maabara ukisimama kwenye kigoda uione mashine ikizungusha damu. Kile kimrija chembamba kikitoka, chini huwa chekundu na juu maji ya rangi ya manjano hafifu. Kwa mwanamume mzima sehemu nyekundu huwa karibu asilimia 45. Testosteroni huipandisha, damu ikawa nzito. Ikipita 54 daktari husimamisha dawa, maana damu nzito huweza kuganda ikaziba mshipa. Anayedungwa hospitali hupimwa hilo mara kwa mara. Jimu nani atakupima?

Fanya hivi. Chukua ruhusa siku kadhaa, hizo kazi za usiku zisimamishe, miraa iache, ulale usiku mzima. Kisha nenda ukatolewe damu kabla ya saa nne asubuhi, hujala kitu, kwa sababu testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mchana kutwa. Usiende ukitoka kukesha, majibu yatakudanganya. Ikitoka chini ya nanogramu 300 kwa desilita, rudia asubuhi ya siku nyingine. Ikiwa ya pili pia iko chini, waombe wapime homoni za pituitari, LH na FSH, pamoja na prolaktini, ndipo ijulikane tatizo liko kwenye korodani au liko juu, kwenye ubongo na pituitari. Siku hiyo hiyo wakupime wingi wa damu, sukari na thairoidi. Ikionekana kweli una upungufu, mwambie daktari mapema kwamba unataka mtoto, kwa sababu zipo dawa nyingine zinazoziamsha korodani bila kuzilaza mbegu.

Gharama za vipimo nitakutumia kwa simu kesho, usizitoe kwenye kodi ya nyumba. Majibu yakitoka yapige picha uniletee yote, hata yale watakayokwambia ni ya kawaida, niyasome mwenyewe. Kichupa kiweke mbali, na mkeo umwonyeshe leo.

Wasalaam,
Ni mimi babako, Lamu.