Anayesema Hapendi Bia Nyeusi

Tabata, Dar es Salaam
Desemba 3

Shoga yangu Aurelia,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Barua yako nimeipata Jumamosi, kaileta yule kijana wa ndizi pamoja na mkungu wako na yale maparachichi. Ahsante sana, watoto wameyamaliza kabla sijanunua hata mkate. Sisi ni wazima. Mvua ya vuli imenyesha siku mbili, Tabata yote ikawa tope, kisha jua likarudi pale pale. Neema anauliza kila asubuhi tunapanda lini Moshi.

Nije kwenye lile uliloniuliza, maana nalifikiria tangu niliposoma. Unasema Krismasi hii ukoo wote unakutana kwako Marangu, wewe umekabidhiwa vinywaji, na kila mtu ana asichokitaka. Shemeji yako hataki hata kuiona bia nyeusi, anasema ni dawa ya kikohozi. Baba mkwe anasema bia za chupa zote ni maji, yeye ni mbege tu, pombe yetu ya ndizi. Wifi yako bia inamnukia vibaya. Ndiyo maana umefikia kusema ununue kreti za bia moja nyepesi, yaishe. Usifanye hivyo, shoga. Utawapa wote kitu ambacho hakuna atakayekikumbuka.

Mwaka wa sita huu nauza kinywaji hapa grosari, na nimeona jambo moja likijirudia. Mtu akisema "hii bia siipendi," mara nyingi kuna kitu kimoja tu alichokikataa: uchungu, au gesi, au harufu, au ubaridi, au siku yenyewe aliyopewa. Ukimwuliza kwa upole mpaka ukakipata hicho kimoja, unaweza kumtafutia bia ya aina ile ile ikamkaa vizuri mdomoni.

Kuna mzee mmoja fundi seremala, anapita hapa kila jioni akitoka kazini. Bia ya Safari moja, ya moto, basi. Nikimtajia bia nyeusi anakunja uso: "Chungu hiyo, mwanangu." Lakini mzee huyo huyo asubuhi namwona kwa muuza kahawa, vikombe vitatu vya kahawa chungu na kipande cha kashata. Jambo hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Uchungu wa bia nyeusi ni ndugu kabisa wa ule wa kahawa. Shayiri inakaangwa mpaka inakuwa nyeusi, kama buni zinavyokaangwa, na ladha inayotoka ni ile ile ya kitu kilichochomwa kwa makusudi. Sasa mtu anaywaje kahawa ile alfajiri, halafu jioni aseme uchungu haumfai?

Nikamwuliza aliinywa lini, na vipi. Akaniambia ilikuwa harusini, Guinness iliyotolewa kwenye pipa la barafu. Alikuwa na kiu, akaipiga mafunda kwenye chupa.

Hapo nikaelewa. Baridi kali inaficha harufu na utamu, ulimi unabaki na uchungu na gesi peke yake. Na ukinywa kwenye chupa pua haipati kitu, ilhali nusu ya ladha iko puani. Basi siku moja nikaitoa Guinness kwenye friji saa nzima kabla hajafika. Alipokaa nikaimimina taratibu kwenye glasi, nikaacha povu litulie, nikaweka kipande cha kashata ya nazi pembeni. Sikumwambia aonje. Nilimwambia, "Baba, nusa kwanza." Akanusa, akaniangalia, akanusa tena. "Inanukia kahawa hii." Glasi ile ilimchukua nusu saa, na kashata akaomba ya pili. Siku hizi kila Ijumaa anaagiza moja, akimaliza anarudi kwenye Safari yake. Mimi hilo linanitosha kabisa, sikuwa nataka aiache Safari.

Wengine kinachowatisha ni rangi. Wanadhani weusi ndio ukali. Kilimanjaro ni asilimia 4.5, Safari ni 5.5, na ile Guinness ya bomba wanayokunywa Ireland, nyeusi tii, ni 4.2, chini ya Kilimanjaro yetu. Hii ya chupa tunayouziwa huku ni Foreign Extra, yenyewe ni kali zaidi, lakini weusi unatoka kwenye kukaanga shayiri na ukali unatoka kwenye wingi wa kimea kilichochachuliwa. Ni mambo mawili tofauti. Tena hii bia ya rangi ya dhahabu tunayoiona ndiyo bia yenyewe ni ngeni kuliko tunavyodhani. Ile ya mji wa Plzeň, huko Ucheki, ambayo laga nyingi za leo (bia kama hizo Safari na Kilimanjaro) zimeifuata, ilitengenezwa mwaka 1842.

Kwa hiyo shemeji yako usimwanzishie Guinness. Huyo anasema "dawa," nadhani anakimbia ule ukavu unaobaki kooni. Mtafutie Castle Milk Stout. Ndani yake kuna sukari ya maziwa, na hamira ya bia haiwezi kuila sukari hiyo, basi utamu kidogo unabaki mpaka kwenye glasi. Ni nyeusi vile vile, ina ladha ya kahawa vile vile, ila kama mtu ametia maziwa. Lakini kwanza mwulize kama maziwa yanamsumbua tumbo. Yakimsumbua usimpe.

Baba mkwe ndiye aliyenifurahisha zaidi kumfikiria. Mjomba alipokuja Dar kwa kipaimara cha Neema alikuwa na maneno hayo hayo, bia za chupa ni maji. Nikaenda supamaketi Masaki nikanunua Paulaner moja, ile Weissbier ya Munich. Bei yake inauma, sikufichi. Ni bia ya ngano, Wajerumani wenyewe wanataka angalau nusu ya nafaka iwe ngano, na hii haichujwi, hamira inalala chini ya chupa. Nikamimina karibu yote, tone la mwisho nikalizungusha ndani ya chupa ili ile hamira iamke, kisha nikaimalizia juu. Ikatoka na ukungu, na povu kubwa jeupe. Mjomba kuona tu ule ukungu akasogea. Akanywa funda, akashika kimya, akasema, "Hawa wameweka ndizi."

Hakuna ndizi hata moja, Aurelia. Ni hamira yao. Ikichachua inatoa harufu ile ile iliyomo kwenye ndizi mbivu, na nyingine ya karafuu juu yake. Nilimweleza, akakataa kuamini, akasema hata Wazungu wana migomba yao wameificha. Alipofika nusu ya glasi akaongeza neno ambalo mpaka leo linanifundisha: "Nzuri. Lakini imekosa msesewe."

Umeona? Mtu tuliyedhani anataka kitu laini cha ndizi, kumbe anautafuta uchungu. Gome la msesewe linatiwa kwenye mbege kwa kazi hiyo hiyo ambayo Wazungu wanatumia hopsi, yale maua machungu, kwenye bia: kuukata utamu, ili mtu atamani funda la pili. Wazee wetu wanaujua uchungu kabla ya kreti ya kwanza kupanda Marangu. Basi baba mkwe ukimpa Weissbier atafurahi, lakini mimi nisingeishia hapo. Baada yake ningemmiminia Guinness isiyo baridi, kidogo, robo glasi, nione anasema nini.

Wifi yako sasa. Kabla hujasema hapendi bia, mwulize ilikuwa chupa ya rangi gani. Mteja wangu mmoja, dada wa benki, alikuwa anasema laga zote zinanukia kicheche. Nikacheka moyoni nikidhani anazidisha, mpaka siku aliponiletea chupa aliyoinunua duka moja la njiani. Ilikuwa ya kijani, nikaifungua, na kweli, kicheche mtupu. Ile chupa ilikuwa imepangwa dirishani kwenye jua. Mwanga wa jua ukiigonga bia, vitu vinavyotoka kwenye hopsi vinageuka na kutoa harufu hiyo. Chupa ya kahawia inakinga sana, ya kijani kidogo tu, nyeupe ndiyo haikingi kabisa. Nikampa bia ile ile, ya jina lile lile, niliyokuwa nimeifungia kwenye boksi stoo. Akainywa yote. Alikuwa na miaka anailaumu bia isiyo na kosa.

Kwa hiyo kreti zako zisikae uani. Ziweke chini ya migomba, zifunike turubai, au bora ndani.

Nisikufiche pia nilipokosea. Mwaka jana mdogo wangu alirudi kutoka Nairobi na makopo mawili ya IPA, zile bia za Kiingereza zilizokuwa zikitiwa hopsi nyingi zipate kuhimili safari ya meli mpaka India. Nikamwita jirani yangu, ambaye amekuwa akiniambia bia za hapa hazina harufu. Harufu ilikuwepo, tena nzuri, embe na ganda la chungwa, kwa sababu hopsi zikitiwa mwishoni zinatoa manukato kuliko uchungu. Lakini nilimwekea mishkaki yenye pilipili nyingi. Uchungu na pilipili vikashikana, mdomo ukawaka, akaisukuma glasi na mpaka leo haitaki. Nilisikitika sana siku ile, maana nilikuwa na kopo mbili tu na nafasi yenyewe ilikuwa moja. Ningempa na kitimoto iliyokolea chumvi, pilipili ikae mbali. Chumvi inautuliza uchungu, jaribu mwenyewe hata kwenye balungi.

Kwako mtachoma nyama, basi chumvi haitakosekana. Wenye kulalamika gesi, mimina bia kwenye glasi kwa nguvu kidogo, gesi itoke juu badala ya kwenda tumboni, hilo halihitaji maelezo. Na wasiokunywa waache na soda zao na togwa, Aurelia, tafadhali. Ninachokieleza hapa ni kwa mtu ambaye tayari anakunywa na amejifungia mlango mmoja. Asiyekunywa hana mlango wa kufunguliwa.

Ningekuwa wewe ningenunua laga kreti mbili kwa ajili ya wengi, Milk Stout sita, Guinness nne. Paulaner mbili nitakuja nazo mimi, huko sijui kama utazipata. Na usizipange mezani zote. Mletee mtu moja, kwenye glasi, ukiwa umekaa karibu naye, usimsimamie kama mwalimu wa mtihani. Akisema siitaki, ichukue unywe wewe.

Tunapanda basi la alfajiri tarehe 22. Nimeshazifunga glasi sita kwenye kanga, ziko ndani ya ndoo, nitazipakata njia nzima. Nina ombi moja. Siku mtakapopika mbege, mwambie baba mkwe mtungi mmoja autie msesewe wa kutosha, kama wa zamani. Shemeji yako amekulia kwenye mbege hiyo, na nataka anywe kata yake kwanza, mbele ya baba yake, aisifie. Halafu ndipo nimwekee ile nyeusi.

Nisalimie mama, na umwambie dawa yake ya mgongo nimeipata.

Wako,
Skola