Rupia mbili mliyoniuzia si ya 1894

Tanga

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: KUUZIWA SARAFU ILIYOCHEZEWA MWAKA NA MADAI YA KURUDISHIWA PESA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu sarafu ya fedha ya rupia mbili ya ile kampuni ya Kijerumani iliyotoa rupia huku enzi za ukoloni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Tangazo lenu lilisema ni ya mwaka 1894 na kwamba haijawahi kusafishwa. Nililipa shilingi 2,400,000 kwa mkupuo. Nakala ya risiti nimeiambatisha. Kwenye orodha hiyohiyo rupia mbili ya 1893 mlikuwa mnaiuza 1,300,000. Kwa hiyo hapo nimelipia tarakimu moja shilingi 1,100,000, na tarakimu yenyewe ni ya kughushi.

Sarafu ilifika inang'aa kama kijiko cha harusi. Hilo peke yake lilinitia shaka, maana fedha ya zamani hivyo huwa na utando wa kijivu, hasa kwenye manyoya ya simba na kuzunguka herufi. Hapa utando umebaki kidogo kwenye shina la mnazi tu, kwingine kote pamesuguliwa. Nikachukua kioo cha kukuzia cha sonara. Pembeni ya mwaka pana mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, na chini ya 4 pamebonyea, ukipitisha ukucha unanasa. Upande wa juu wa hiyo 4 bado kuna kipinde cha 3 hakijaondolewa vizuri.

Ninayo rupia moja ya 1894, niliachiwa na marehemu baba pamoja na ya 1890 na nyingine iliyochomelewa kipete, ambayo bibi aliivaa shingoni (hiyo haina bei sokoni na wala siiuzi). Niliziweka sarafu mbili ubavu kwa ubavu. Kwenye ya baba 4 imesimama, kingo zake kali, na sehemu tupu inayoizunguka imetulia. Ya kwenu inaonekana imekaa kwenye shimo. Sonara aliyenikopesha kioo aliitazama mara moja akanirudishia: "Hii imeguswa, mzee. Umepigwa."

Nilipowaandikia kwa WhatsApp mlinijibu kuwa mmeangalia kumbukumbu zenu, uzito ni gramu 23.3, ni fedha halisi, na bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sikusema si fedha. Uzito utakuwa sawa, kwa sababu sarafu yenyewe ni halali kabisa. Ni ya 1893, halafu mtu akaitia mkono. Rupia mbili zilitengenezwa miaka hiyo miwili tu, na za 1894 ni chache kuliko za 1893. Anayetaka faida hugeuza 3 ikawa 4. Mizani yenu haiwezi kuliona hilo hata mkipima mara kumi. Kilichotakiwa ni mtu mwenye kioo na dakika tano, kabla ya kuandika tangazo.

Tena tangazo lenyewe liliiita "sarafu ya serikali ya Kijerumani". Upande mmoja kuna Kaisari Wilhelm II na kofia yake ya chuma, sawa, lakini upande wa pili kuna simba, mnazi na jina la kampuni limeandikwa wazi. Serikali ilishika utawala mwaka 1891 na bado kampuni ikaendelea kutoa rupia zake hadi 1902. Rupia za serikali zilianza 1904, zikiwa na jina Deutsch Ostafrika na bila simba. Anayeuza vitu vya bei hii alipaswa kujua hilo, na mimi nilipaswa kutambua mapema kwamba hajui.

Vocha mliyonipa ya asilimia kumi kwa manunuzi yajayo siihitaji. Ninachodai ni shilingi 2,400,000 zote, kwa namba ileile niliyolipia, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Pia tangazo liondolewe, maana juzi nimeona mmeweka 1894 nyingine, na kwa picha niliyoikuza, 4 yake ina kasoro ileile. Kama mna boksi zima la hizo, heri mlifunge sasa. Msiponijibu nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani nikiwa na picha, risiti na mazungumzo yetu yote.

Mkisema nirudishe sarafu kwanza, siitumi kwa basi. Iko kwenye kibahasha chenu kilekile na stika yenu. Mtu wenu aje Tanga na pesa, tutahesabu na kukabidhiana palepale kwa sonara.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha nne za mwaka zilizokuzwa, nakala ya mazungumzo ya WhatsApp.

Wenu,
Mteja, Tanga