Watoto wa Mathare nao ni watoto wa Nairobi

Kwa Mhariri,

Kila mara Shirika la Takwimu la Kitaifa (KNBS) linapotoa hesabu za pato la kaunti, Nairobi huongoza, tena kwa mbali. Zaidi ya robo ya pato lote la Kenya hutoka hapa. Habari hizo huzisoma nikiwa katika chumba cha walimu cha shule ndogo ya mabati bondeni Mathare, ambako nimefundisha kwa miaka kumi na mmoja. Naandika kwa sababu sifa hiyo ya utajiri imegeuka kuwa pazia, na waliofichwa nyuma yake ni watoto ninaowasomesha.

Kutoka ukingo wa juu wa bonde letu unaiona miti ya Muthaiga, mtaa wa matajiri, ng'ambo ya barabara ya Thika. Mtu mzima hutembea kutoka huku hadi kule kwa dakika chache tu. Wazazi wengi wa darasa langu huifanya safari hiyo kila siku, maana ni akina mama fua. Saa kumi na mbili asubuhi wengine hushika njia ya Eastleigh, wengine huvuka daraja la miguu kuelekea mitaa ya kifahari, wakakaa kando ya barabara wakisubiri kuitwa. Siku ya bahati mmoja hurudi na Sh500. Siku isiyo na bahati hurudi mikono mitupu, na mimi huijua siku hiyo asubuhi inayofuata, nikimwona mtoto wake amelaza kichwa juu ya dawati kabla hata ya somo la pili.

Wasiokaa huku hudhani kwamba maisha ya mabanda ni ya bei nafuu. Naomba tuhesabu pamoja. Mtungi wa lita 20 huuzwa Sh5 siku ambazo maji yapo. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, inahitaji mitungi mitano kwa siku. Hiyo ni Sh25, na kwa mwezi Sh750. Mita moja ya ujazo ya maji ni mitungi 50, kwa hiyo mama wa Mathare hulipa Sh250 kwa kipimo ambacho mwenye mita yake nyumbani hukipata kwa bei ya chini sana. Mifereji ikikauka, mtungi hupanda hadi Sh20 na zaidi, ilhali mwenye tangi juu ya paa hata hajui kwamba maji yalikatika. Choo cha kulipia ni Sh10 kila uingiapo. Watu watano wakienda mara moja tu kwa siku, ni Sh1,500 kwa mwezi. Maji na choo peke yake tayari ni Sh2,250, na bado hatujagusa kodi ya nyumba, stima, makaa wala unga. Usiku watoto hawatumwi chooni kwa kuwa njia ina giza na haina usalama. Wanavyojisitiri usiku huo kila mkaaji wa huku anajua, wala sitaki kuyaeleza gazetini.

Sasa shule, kwa kuwa hapo ndipo penye uchungu wangu.

Tangu Januari 2003 elimu ya msingi ni ya bure katika shule za umma, nami naishukuru serikali kwa hilo. Lakini shule za umma katika bonde hili zinahesabika kwa vidole, nazo zimefurika. Watoto waliobaki wanasoma katika shule kama yetu, zile tunazoziita APBET, zilizoanzishwa na makanisa, vikundi vya wazazi au walimu waliochoka kuona watoto wakizurura. Pesa ambazo serikali hutuma kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma hazitufikii. Mzazi wa hapa hulipa karo kila mwezi, kidogo kidogo, mara nyingine Sh50 iliyokunjwa ndani ya daftari la mtoto. Kwa hiyo yule anayefua nguo za watu ndiye anayelipia elimu iliyotangazwa kuwa ya bure, wakati mwenye kazi ya kudumu anayekaa karibu na shule ya umma halipi karo. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza haki ya jambo hilo, na nimewauliza wengi.

Mwaka 2023 kaunti ilianzisha mpango wa chakula cha mchana, Dishi na County. Mwanafunzi hulipa Sh5, huweka bangili yake kwenye kifaa, na hupata wali au mchanganyiko wa nafaka na maharagwe, moto. Ni mpango mzuri, na nasema hivyo kwa moyo wote. Nina mwanafunzi mmoja, namwita hapa Gredi ya 4 ili nisimtaje jina, ambaye ndugu yake mdogo alipata nafasi katika shule ya umma. Mdogo anakula mchana. Mkubwa hali, kwa sababu mpango ulijengwa juu ya shule za umma. Jioni mdogo humsimulia kaka yake walichokula. Mama yao ni mmoja, wanalala kitanda kimoja, wote wamezaliwa Nairobi, na kinachowatenganisha ni geti la shule.

Nimefundisha hesabu mchana kwa watoto ambao hawajatia kitu kinywani tangu chai ya rangi ya alfajiri. Huwezi kumfundisha kugawanya mtoto wa namna hiyo. Macho yanakutazama lakini hayapo. Walimu wetu, ambao mishahara yao wenyewe huchelewa, huchanga Sh20 hapa na pale kununua uji, na uji huo huishia kwa wadogo wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, kwa kuwa hao ndio hulia waziwazi. Wakubwa wamejifunza kunyamaza.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya lishe, makazi na matibabu. Nimekisoma mara nyingi nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo ni ya mwanafunzi wa aina fulani ya shule. Sijapaona. Nakubali kwamba shule ya msingi iko mikononi mwa serikali kuu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Mtoto wa miaka minne anayesoma PP1 chini ya paa letu la mabati ni jukumu la kaunti sawasawa na yule wa chekechea ya umma, na hakuna sababu ya kisheria ya kumwacha nje ya foleni ya chakula.

Wapo watakaosema Nairobi tayari imebarikiwa, na kwamba pesa za kuinua wanyonge ziende kwenye kaunti kame. Ni kweli kwamba orodha ya kwanza ya kaunti 14 za kunufaika na Hazina ya Usawazishaji ilizitaja Turkana, Mandera, Wajir, Tana River na nyinginezo zilizoachwa nyuma kwa miongo mingi, na sitaki hata shilingi moja ya mtoto wa Turkana iletwe huku. Ninachosema ni kwamba mtoto maskini wa kaunti tajiri ana matatizo mawili. Kwanza ni maskini, kisha anahesabiwa pamoja na jirani ambaye gari lake moja linaweza kujenga shule yetu nzima kwa matofali. Wakichanganywa, kila mmoja anaonekana anaishi vizuri. Hali kadhalika wafadhili: mara mbili nimeandikiwa kwamba shirika halifanyi kazi Nairobi kwa sababu mji una uwezo wake.

Uwezo upo, lakini tuliuona unavyogawika Aprili na Mei 2024. Mvua ilipojaza mto Mathare, nyumba zilisombwa usiku na watu wakafa. Halafu yakaja matingatinga kubomoa yaliyosalia ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na ahadi ya Sh10,000 kwa kila familia ya kuhamia kwingine. Sipingi kwamba kandokando ya mto ni mahali pa hatari. Nilikuwa nikitafuta wanafunzi wangu katika matope hayo, najua. Lakini shule zilipofunguliwa katikati ya Mei baada ya kuahirishwa mara mbili, darasa langu lilikuwa limepungukiwa na watoto tisa. Wanne walirudi. Watano sijui wako wapi hadi leo, na nimeweka daftari zao kabatini.

Tena kuna suala la ujira, ambalo wasomaji wako wengi wanaweza kulirekebisha bila kungoja serikali. Novemba 2024, mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi uliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Katika mkutano wa wazazi muhula uliopita niliwauliza wale walioajiriwa kwa mwezi wanapata kiasi gani. Kati ya kina mama kumi na saba waliokubali kusema, wawili tu walifikia kiwango hicho. Mmoja alisema Sh7,000, na akaongeza haraka kwamba mwajiri wake ni mtu mzuri, humpa nguo za watoto. Sina shaka kwamba ni mtu mzuri. Hata hivyo pesa zilizopungua ndizo karo ya mtoto, ndizo mchango wa SHA, bima ya afya ya umma, ambao mtu asiye na payslipu hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Ukiwa na mama wa kazi nyumbani kwako, tafadhali itazame hesabu hiyo upya leo jioni.

Kwa kaunti ombi langu ni dogo na linajulikana. Anzeni na PP1 na PP2 za shule za APBET zilizosajiliwa. Bangili zipo, majiko yapo, na magari ya chakula hupita barabara ya Juja kila siku ya shule, hatua chache kutoka getini petu. Mkihofia udanganyifu wa idadi, tumeni maafisa wahesabu watoto wenyewe kwa macho, bila kututangulizia taarifa, siku yoyote wanayotaka. Daftari la mahudhurio huwa mezani kwangu kuanzia saa mbili asubuhi. Chekechea yetu ina watoto 63. Leo, ninapoandika barua hii, wamekuja 48.

Mwalimu,
Mathare, Nairobi